COUSIN: KISIWA KILICHONUNULIWA KWA AJILI YA NDEGE



Katika toleo hili tumeona tukuelezeni habari za kisiwa kimoja kidogo kilichomo katika Bahari hii hii ya Hindi tunayoiogelea na kuivua. Kisiwa hicho kinaitwa Cousin, na kimo katika nchi ya Shelisheli. Ukubwa wake ni hekta 27 tu, yaani kama viwanja vya mpira 38 hivi vikipangwa pamoja. Hakina mji, hakina hoteli wala duka. Wanaoishi hapo ni walinzi na watafiti wachache, na wenyeji wenyewe ni ndege.

Kilichotufanya tuandike ni kwamba mwaka 1968 kisiwa hiki kilinunuliwa kwa fedha taslimu, si kwa ajili ya kulima wala kujenga, bali ili ndege mmoja mwenye uzito wa gramu 15 asipotee duniani. Gramu 15 ni kama vijiko vinne vya chai vya sukari. Mtu ana haki ya kuuliza: hivi kweli watu wazima na akili zao wakusanye pesa, wanunue kisiwa kizima kwa ndege kama huyo? Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini, na nini kilifuata.

SHELISHELI NA SISI

Shelisheli ni funguvisiwa la visiwa 115, lililo zaidi ya kilomita 1,500 mashariki ya pwani yetu. Visiwa vikubwa ni Mahé, Praslin na La Digue. Hata ambaye hajapata kuiona ramani yake analijua jina, kwani tunda la mshelisheli tunalochemsha na kulipika kwa nazi limepewa jina la visiwa hivyo. Huko wanasema Kikrioli, lugha iliyozaliwa na Kifaransa, ndiyo maana majina mengi ya visiwa vyao ni ya Kifaransa. Cousin ni neno la Kifaransa lenye maana ya binamu mwanamume, na kisiwa cha jirani kinaitwa Cousine, binamu mwanamke.

Visiwa hivi havikuwa na wakaazi mpaka Wafaransa walipoanza kuviweka watu mwaka 1770. Kwa hiyo ndege wa huko waliishi zama na zama bila ya kumuona paka, panya wala binadamu. Jambo hili tulishike vizuri, kwani ndilo linaloeleza mengine yote. Kiumbe ambaye hajapata kuwa na adui wa ardhini hajui kukimbia. Hujenga kiota chini, hutaga popote, na mtu akimkaribia humtazama tu.

Watu walipokuja walikata misitu, wakapanda minazi kwa ajili ya mbata, na majahazi yao yakaleta panya. Paka wakaletwa kuwala panya, nao wakaona kuwa ndege ni chakula chepesi zaidi. Kisiwa baada ya kisiwa, ndege wakaanza kutoweka.

Cousin nacho kilifyekwa kikapandwa minazi. Lakini kikapata bahati moja kubwa: panya hawakupata kuingia humo.

NDEGE ALIYEBAKI PEKE YAKE

Ndege tunayemzungumza, kwa Kikrioli anaitwa timerl dezil. Hana urembo wowote wa kumfanya mtu ageuke kumtazama. Ni mdogo, mgongo wake ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani, miguu ni ya buluu ya kijivu, na mdomo wake ni mwembamba. Sauti yake lakini ni tamu. Chakula chake ni wadudu wadogo, na karibu wote huwadona kwenye upande wa chini wa majani. Wataalamu walimuandika katika vitabu vyao mwaka 1877, naye wakati huo aliishi kisiwa cha Marianne pia. Kufika miaka ya 1960 alikuwa amebaki Cousin tu, na idadi yake ilikuwa haifiki 30. Tunakusudia duniani kote. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wanafunzi wa darasa moja la madrasa yetu.

Na ndege huyu ana tabia inayoongeza hatari. Ana mbawa za kurukia, lakini havuki bahari ila kwa nadra mno. Cousine, kisiwa cha binamu, kinaonekana kwa macho kutoka Cousin, na bado hakwenda. Kwa hiyo moto mmoja, au mashua moja yenye panya, ingetosha kummaliza.

Hapo ndipo Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege (ambalo tangu mwaka 1993 linajulikana kwa jina la BirdLife International) lilipochangisha fedha na kukinunua kisiwa mwaka 1968. Mwaka 1975 serikali ya Shelisheli ikakitangaza kuwa hifadhi maalumu kwa mujibu wa sheria. Leo msimamizi wake ni jumuiya ya Washelisheli wenyewe, Nature Seychelles, iliyoanzishwa mwaka 1998.

Wanafunzi wanaosoma fiqhi watafahamu haraka tukisema kuwa jambo hili linafanana na waqfu. Mali inazuiwa, haiuzwi wala hairithiwi, na manufaa yake yanaelekezwa pahala maalumu. Walionunua hawakuwa wakiifuata sheria yetu na hawakulitumia jina hilo, ila sura ya jambo ni ya kukaribiana. Na wazo la ardhi ambayo ndege wake hawaguswi si geni kwetu, kwani kila aliyekwenda Hija au Umra anajua kuwa katika Haram ya Makka ndege hawindwi wala hafukuzwi.

KAZI YA KUNG'OA MINAZI

Baada ya kununua, walifanya nini? Mtu angedhani waliwafuga ndege katika matundu na kuwalisha. Hawakufanya hivyo. Walichofanya ni kung'oa miche ya minazi.

Jambo hili linaweza kumuuma mtu wa pwani, maana sisi mnazi ni mti wa heshima. Lakini chini ya mnazi palikuwa hapana wadudu wa kutosha kwa ndege yule. Alihitaji miti ya asili, hasa mti mmoja wenye majani mapana laini unaoitwa kwa Kikrioli bwa mapou. Walinzi walipozuia nazi zilizoanguka zisiote, msitu wa zamani ulirudi wenyewe, bila ya kupandwa sana. Msitu uliporudi, wadudu walirudi. Wadudu waliporudi, ndege wakaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamefika kiasi cha 300 na kidogo, na hapo idadi ikasimama, kwani kila kipande cha msitu kilikuwa kimeshapata mwenyewe.

Mapou ni mti wa ajabu kidogo na tungependa tuueleze. Mbegu zake zina utomvu unaonata, hujibandika kwenye manyoya ya ndege, na ndege huzipeleka kisiwa kingine. Ndivyo mti unavyosafiri. Lakini mara nyingine mbegu zinazomganda ndege huwa nyingi mno, zikamfunga mbawa, akaanguka akafa. Kwa hiyo mti ule ule unaowapa ndege nyumba huwaua baadhi yao. Maumbile hayakupangwa kwa namna tunayoipenda sisi.

PANYA MMOJA

Turudi kwenye panya, maana hapa ndipo penye roho ya kisiwa kile.

Panya jike akiwa na mimba hukaa nayo wiki tatu hivi, kisha huzaa wengi kwa pamoja, na watoto nao hawachelewi kuzaa. Akiingia mmoja kama huyo katika kisiwa chenye mayai yaliyolala chini, chakula hakimwishii. Na panya hupenda chombo cha baharini. Hujificha kwenye magunia, kwenye kamba, chini ya mbao za mashua, hata kwenye boksi la vyakula. Wavuvi na manahodha wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana Cousin pana kanuni ambayo wageni wengi huishangaa. Mashua inayoleta watalii kutoka Praslin hairuhusiwi kugusa pwani. Inatia nanga nje. Walinzi huja na mashua yao wenyewe, isiyokwenda kulala bandari nyingine, wakawahamisha watu na kuwapeleka ufukweni. Waziri akija hupita njia hiyo hiyo.

Kama mtu anaona huku ni kuzidisha tahadhari, na atazame yaliyokifika kisiwa cha Frégate. Kisiwa hicho kilikuwa kimbilio la mwisho la ndege mwingine, pi santez, mweusi mwenye mabaka meupe ya mbawa na sauti nzuri. Huyu hutafuta chakula chini, akipekua majani makavu, na hamuogopi mtu. Paka walimfanya karamu. Katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wamebaki 15 au chini ya hapo, na mwaka 1990 walikuwa bado 20 na kitu tu. Kazi ya kuwaokoa ilikuwa imeshaanza kuzaa matunda pale mwaka 1995 panya walipoingia Frégate. Ilichukua miaka mitano kuwaondoa. Mwaka 2000 ilibidi ndege wakamatwe na kuwekwa ndani ya matundu, kisha helikopta ikamwaga sumu kisiwa kizima mpaka panya wa mwisho akafa. Fikiria gharama ya helikopta, na uilinganishe na kazi ya kubadilisha mashua.

Kwa bahati nzuri, baadhi ya pi santez walikuwa wamekwishahamishiwa Cousin tangu mwaka 1994. Baadaye wakapelekwa Cousine, Aride na Denis pia, na leo jumla yao imepindukia 300.

WA BAHARINI

Ndege wa baharini ndio wengi zaidi kisiwani, na kelele zao ndizo zinazompokea mgeni. Wapo kelek, jamaa za shakwe na membe tunaowajua sisi, wenye rangi ya kahawia iliyokoza na utosi mweupe. Hawa huja kwa makumi ya maelfu, wakajenga viota kwa majani makavu ya mapou yaliyogandishwa kwa kinyesi. Yupo payanke, mweupe mwenye mkia mrefu mwembamba, ambaye hutaga chini kabisa, kwenye shina la mti au kando ya jiwe. Unaweza kupita hatua moja kutoka alipo asinyanyuke.

Anayetushangaza zaidi ni golan blan. Ni mweupe pe, macho meusi makubwa. Hajengi kiota cha aina yoyote. Huchagua tawi tupu lenye kibonyeo kidogo, akataga yai moja juu yake, na hapo hapo akalilalia. Upepo unavuma, tawi linatikisika, yai lipo. Kinda likitoka huwa lina kucha imara za kushikia tawi tangu siku ya kwanza. Tumezoea kuwaambia watoto wajifunze kwa ndege wajenzi. Huyu hajengi, na maisha yake yanakwenda.

Na wako wengine wanaochimba mashimo ardhini, wakenda baharini mchana na kurudi usiku, huku wakilia kwa sauti ya mtoto mchanga au mtu anayeomboleza. Asiyewajua akilala hapo usiku wa kwanza angesoma Ayatul Kursi mpaka alfajiri.

Ndege wengi hawa hutaga yai moja tu kwa msimu. Hapa tuseme wazi, kwani jambo hili linatuhusu. Kuku ukimchukulia yai atataga jingine kesho. Ndege wa baharini ukimchukulia yai lake moja, mara nyingi umemchukulia mwaka mzima. Na si lazima ulichukue. Ukiingia kati yao saa saba ya mchana wakaruka wote kwa hofu, mayai hubaki wazi juani, na jua la kwetu hupika yai likiwa na kinda ndani yake. Mtu huondoka mikono mitupu akidhani hakufanya kitu.

Huku kwetu kipo Fungu la Kizimkazi, kusini mashariki ya Unguja, mbali baharini. Ni tambarare la matumbawe lisilo na mti, na ndege wa baharini hutaga humo kwenye ardhi tupu. Wavuvi wetu wanalifahamu. Hakuna mlinzi anayekuja kubadilisha mashua pale. Anayeshuka huko, au anayepiga dago katika visiwa vidogo vyovyote vya pwani hii wakati wa kutaga, yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa siku hiyo, na kama katika chombo chake mna panya basi ndiye aliyempandisha.

Tuongeze na kunguru. Unguja aliletwa mwishoni mwa karne ya 19, na kila mama mwenye vifaranga anajua hali ilivyo leo. Shelisheli nao walifikiwa na kunguru huyu huyu, lakini walimuandama akiwa bado mchache, na mwaka 1994 wakammaliza. Sisi tulimuacha mpaka akawa wa kuhesabiwa kwa maelfu.

WATOTO WANAOSAIDIA WAZEE WAO

Kwa kuwa Cousin ni kidogo na timerl dezil hawaondoki, wataalamu wamewavisha karibu wote pete za rangi miguuni. Kila mmoja anajulikana ni nani, kazaliwa na nani na anaishi wapi. Utafiti huu ulianza miaka ya 1980, na umegundua mambo ambayo hayakutarajiwa kwa ndege mdogo hivi.

Ndege dume na jike hushika eneo lao na kukaa pamoja muda mrefu. Kwa kawaida hutaga yai moja. Mtoto akikua, mara nyingi haondoki. Hubaki kwa wazee wake akasaidia kulilalia yai linalofuata na kumlisha mdogo wake. Wanaobaki kusaidia zaidi ni watoto wa kike. Wa kiume huondoka kutafuta pahala pao.

Sasa lililo zito ni hili. Mtaalamu wa Uholanzi, Jan Komdeur, na wenzake walitangaza mwaka 1997 kuwa jinsia ya watoto inafuata hali ya chakula cha eneo. Penye wadudu wengi, ambapo msaidizi ni faida, watoto karibu 9 katika kila 10 walikuwa wa kike. Penye wadudu wachache, ambapo msaidizi ni mdomo mwingine wa kulisha, zaidi ya watoto 7 katika kila 10 walikuwa wa kiume, ambao baadaye huondoka. Na wazazi wale wale walipohamishwa kutoka pahala pa njaa kwenda pahala pa shibe, wakaanza kupata watoto wa kike. Subhanallah. Ndege huyo ndiye aliyekuwa apotee kabla mtu hajajua lolote kati ya haya.

Kisiwa kilipojaa, walinzi waliona si busara kuweka mayai yote katika kapu moja, na tunalitumia neno hili kwa maana yake halisi. Mwaka 1988 walikamata ndege 29 wakawapeleka Aride. Mwaka 1990 wengine 29 wakapelekwa Cousine, ule upande wa pili wa mkondo ambao hawakuuvuka wenyewe. Mwaka 2004 wakapelekwa 58 Denis, na mwaka 2011 wakapelekwa 59 Frégate, kisiwa kile kilichosafishwa panya. Aride peke yake wamefika zaidi ya 1,000. Kwa jumla sasa ni maelfu, na mwaka 2015 waliondolewa katika orodha ya wale walio katika hatari ya kutoweka, ingawa bado wanaangaliwa kwa karibu.

NG'AMBA NAYE

Hatuwezi kumaliza bila ya kumtaja ng'amba. Gamba lake lilikuwa biashara ya bahari hii tangu kale. Mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza waliliandika miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani yetu. Shelisheli ng'amba huwa na desturi ya kupanda pwani kutaga mchana kweupe, jambo lililomrahisishia sana mwindaji. Cousin alikuwa salama, basi akaja kwa wingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka mwaka 2009 ng'amba wanaotaga hapo waliongezeka kiasi cha mara nane. Nchi nzima ilimpa ulinzi kamili wa sheria mwaka 1994. Kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya ndege, na kobe wa bahari akapata makaazi ndani yake.

Anayetaka kukitembelea kisiwa hiki huenda asubuhi ya siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mashua kutoka Praslin, na hulipa kiingilio. Fedha hizo ndizo zinazowalipa walinzi na kununua mafuta ya mashua. Mgeni hufuatana na mlinzi, haachwi kutembea peke yake, na haruhusiwi kuondoka hata na kombe la pwani. Adhuhuri inapokaribia wageni hurudishwa kwenye mashua zao zilizotia nanga nje, na Jumamosi na Jumapili hapokewi mtu.